Anayetaka Kuyabadili Aandike Jina Lake

Vijana wa chumba cha kompyuta, mlinijia hapa Kitendaguro na kilo mbili za sukari, mkaniomba niwaandikie habari za miaka yangu ya kazi, na mkaniwekea sharti moja: nisimseme mtu vibaya. Sukari nimeipokea. Sharti sijalipokea. Nimekitumikia chama chetu cha wakulima wa kahawa mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na sikustaafu ili nianze kuogopa watu.

Nitaandika juu ya jambo moja tu, kubadilisha maelekezo yaliyohifadhiwa, kwa sababu ndilo mnalolifanya kwa haraka kuliko yote. Nimewaona kwa macho yangu. Mnafungua, mnafuta, mnabandika mapya, mnakwenda kunywa chai.

Kwa yeyote atakayesoma haya bila kuijua kompyuta: hifadhidata ya chama ni daftari kubwa la wanachama, ila ni daftari lenye mikono. Pembeni ya majina na namba tumeweka humo maelekezo, kila moja na jina lake. Karani wa Muleba hahitaji kukumbuka hatua zote za kumwandikisha mwanachama. Anaita jina la maelekezo, anatoa namba, na kazi inafanyika ndani kwa ndani. Nyinyi mnayaita prosija, na yale yanayorudisha jibu mnayaita fanksheni. Sisi tuliyaita yote maelekezo, na mengi yaliandikwa na mtu mmoja, Ta Projestus, yaani Mzee Projestus, aliyenifundisha kazi.

Ta Projestus alikuwa mfupi, Mlutheri, mtu wa maneno machache na kalamu nyingi. Kila maelekezo aliyaandika kwanza kwa mkono katika daftari la shule. Ukurasa wa kushoto aliandika yalivyo leo, ukurasa wa kulia aliuacha mtupu. Nilimwuliza anaharibu karatasi kwa nini.

"Huo wa kulia ni wa yatakavyokuwa," akasema. "Hakuna maelekezo yanayobaki yalivyo."

Kosa langu la kwanza kubwa lilitokea mwaka wangu wa pili. Niliambiwa nirekebishe maelekezo yanayotoa orodha ya wakulima wanaostahili miche mipya ya kahawa, ile inayostahimili mnyauko. Nikayafuta, nikayaunda upya kwa jina lile lile, nikayajaribu kwenye kompyuta yangu, yakafanya kazi. Nikaenda kula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na dagaa kwa furaha ya mtu asiyejua kitu. Sijamaliza sahani, karani wa Muleba akapiga simu. "Redempta, mfumo unanikatalia. Unasema sina ruhusa. Foleni imefika barabarani."

Kwangu yalifanya kazi kwa sababu niliyaunda mimi, kwa hiyo mimi ndiye mwenye mali. Lakini ruhusa za makarani zilikuwa zimefungwa kwenye maelekezo ya zamani, na nilipoyafuta zikafutika nayo. Ta Projestus alitazama kioo cha kompyuta, akanitazama mimi.

"Umemzika mtu na funguo za nyumba mfukoni," akasema.

Hakunigombeza. Alizirudisha ruhusa moja moja, kisha akanipa nauli ya basi niende Muleba kuomba radhi kwa watu niliowasimamisha juani. Nilifika jioni, wamebaki wachache. Mzee mmoja, miche yake mitano ndani ya ndoo, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ndiye kompyuta?"

"Ndiyo, Ta."

"Haya, tumekusamehe. Usirudie."

Basi jueni hili. Mkitaka kubadilisha kilicho ndani, tumieni amri ya kubadilisha hapo hapo yalipo. Mwenye mali anabaki yule yule na ruhusa zinabaki zilivyo. Kuna wakati lazima ufute, kwa mfano fanksheni iliyokuwa ikirudisha namba unataka irudishe maandishi, na hifadhidata yetu inagoma kabisa kufanya hivyo bila kufuta. Hapo andika kwanza nani ana ruhusa gani. Halafu kufuta, kuunda na kurudisha ruhusa viende pamoja katika muamala mmoja, ili kimoja kikishindikana vyote virudi nyuma, karani wa Muleba asijue hata kwamba uligusa kitu. Nilihitaji kupanda basi ili nilielewe hilo. Nyinyi nawapa bure, na bado nina hakika mmoja wenu atapanda basi.

Sasa nije kwenye lile mlilokuwa mkilitaka tangu mlipoingia na sukari yenu, ingawa mlijifanya mnauliza habari za zamani kwa jumla.

Yalikuwepo maelekezo yaliyohamisha uanachama wa mtu aliyefariki kwenda kwa mrithi wake. Karani alitoa namba ya marehemu, basi. Maelekezo yalitafuta mtoto wa kiume mkubwa. Asipokuwepo yalimtafuta ndugu wa kiume wa marehemu. Asipokuwepo na huyo, yaliacha nafasi wazi. Mke hakutajwa popote, wala binti. Yaliandikwa na Ta Projestus, mwenye mabinti watano na hana mtoto wa kiume hata mmoja.

Nilimwuliza, nikiwa na hasira zangu.

"Nilimwuliza katibu wa wakati ule mrithi anapatikanaje," akasema. "Akanicheka. Akasema Mhaya mzima unaniuliza omusika ni nani? Nikaona aibu kuuliza tena. Nikaandika kile ambacho kila mtu anakijua."

Hilo ndilo kosa letu, watu wa huku, wala msiende kulitafuta kwenye vitabu vya kompyuta. Jambo linalojulikana na kila mtu hatuliulizi, na tusiloliuliza hatulijadili, na siku moja mtu mwenye kalamu nzuri analiingiza kwenye mashine, na tangu hapo linatendeka lenyewe bila hata mmoja wetu kusimama na kusema ndiyo.

Baadaye mkutano mkuu wa wanachama ulipitisha kanuni mpya: kila mwanachama ajaze fomu na kumtaja mrithi anayemtaka yeye. Watu wakajaza, fomu zikaja, tukaziingiza kwenye hifadhidata kwa namba. Na maelekezo? Yakabaki yalivyo. Meneja alisema tungoje. Ta Projestus alikuwa anakaribia kustaafu, akasema atayagusa wiki ijayo, na wiki zile hazikuisha. Nami sikuyagusa. Naandika hapa wazi kwamba sikuyagusa, maana niliogopa jina la Ta Projestus lililokuwa juu yake.

Ndipo akaja Ma Leokadia wa Kagoma. Alikuwa na miezi mitatu tu tangu afiwe na mume. Aliingia ofisini Bukoba na viatu mkononi kwa sababu ya matope, akaweka kadi ya uanachama mezani kwangu. Namba ilikuwa ya mumewe. Jina lilikuwa Anatory, mdogo wa mumewe.

"Waitu, mwenzetu, naomba unisomee," akasema, "labda mimi sioni vizuri."

Alikuwa anaona vizuri kabisa. Mumewe alijaza fomu mbele yake akamtaja yeye, na fomu ile niliikuta pale pale, na sahihi yake. Lakini karani wa Muleba alitoa namba ya marehemu kama kawaida, maelekezo yakatafuta mtoto wa kiume, yakakosa kwa sababu walizaa mabinti watatu, yakamchukua Anatory. Na Anatory hakuichukua kadi ile ili apate miche. Alikwenda nayo kwa wazee wa ukoo na kusema chama kimemtambua yeye kuwa mwenye kibanja, yaani shamba na mji wa marehemu. Alikuwa ameshaanza kukata migomba upande wa chini ili ajenge. Ma Leokadia alikuwa amelima kibanja kile tangu alipoolewa. Mumewe amezikwa humo humo.

Siku ile ile nikafungua maelekezo. Nikayaandika upya, safari hii yapokee vitu viwili, namba ya marehemu na namba ya fomu yake, na jina litoke kwenye fomu. Nilitumia amri ya kubadilisha hapo hapo, kama nilivyofundishwa. Nikayajaribu kwenye nakala ya hifadhidata, si kwenye hifadhidata yenyewe. Nikaona ruhusa zimo, ndipo nikayaweka kwenye hifadhidata yenyewe. Nikapiga simu Muleba wamfanyie Ma Leokadia upya, nikamwambia mama aende huko akachukue kadi yake. Akaenda. Kadi ikatoka. Imeandikwa Anatory.

Alinipigia simu akiwa pale dirishani. Hakupaza sauti.

"Redempta, na wewe pia?"

Sijawahi kuona aibu kama ile. Hata leo nikilikumbuka swali lile nasimama kidogo.

Tatizo lilikuwa hili, na ninaomba mlisome mara mbili. Katika hifadhidata yetu, ukibadilisha maelekezo na kuyaongezea kitu cha kupokea, hujabadilisha kitu. Umezaa mengine kando yake yenye jina lile lile, na ya zamani yako hai. Hifadhidata inayatofautisha kwa vitu yanavyopokea. Dirisha la karani wa Muleba lilikuwa bado linatoa kitu kimoja, namba ya marehemu, kwa hiyo likayaita ya zamani, na ya zamani yakafanya kazi yake bila kinyongo. Mimi nilijaribu mapya, na ruhusa nilizoziona zilikuwa za yale ya zamani. Nilijaribu kile nilichokiandika, sikujaribu kile anachobonyeza karani. Tangu siku ile kila nikibadilisha maelekezo naomba orodha ya yote yenye jina lile, nahesabu yako mangapi, halafu naangalia ni nani anayaita na kwa namna gani.

Niliyafuta ya zamani asubuhi iliyofuata, kabla sijanywa chai. Muleba wakapiga simu kwamba dirisha linakataa. Nikawaambia likatae. Dirisha linalokataa ni bora mara mia kuliko linalokubali uongo. Nilikwenda mwenyewe kuwarekebishia, nikasimama nyuma ya karani mpaka kadi ikatoka na jina la Ma Leokadia, nikampelekea Kagoma kwa miguu yangu. Aliitazama, akaifunga kwenye kanga, akanipa mkungu wa ndizi ambao sikuweza kuubeba.

Anatory hakulala. Ndani ya wiki meneja aliniita.

"Redempta, rudisha maelekezo ya zamani."

"Kwa uamuzi wa mkutano upi, Meneja?"

"Kwa agizo langu."

"Niandikie."

Akavua miwani. "Wewe ni mwanamke wa Kihaya, umekua humu. Unajua mambo ya ukoo hayaandikwi."

"Mbona mimi nimeyakuta yameandikwa kwenye kompyuta?"

Agizo lile hakuniandikia, kwa sababu alijua kanuni ya mkutano mkuu ipo na sahihi yake ipo chini yake. Alichoandika ni barua nyingine, ya kunihamishia ghala la Kemondo, mahali ambapo kompyuta pekee ilikuwa imefunikwa gunia. Nilikabidhi kila kitu, nywila zote, nakala zote. Sikuficha hata faili moja, na msije mkaficha kamwe, maana mtu anayeficha nywila anakuwa mwizi hata kama ana haki. Nilifanya jambo moja tu kabla ya kuondoka. Ndani ya maelekezo ya mrithi niliandika uamuzi wa mkutano mkuu, sababu ya kubadilisha, na jina langu lote. Chini yake nikaongeza: atakayebadili hapa aandike jina lake na uamuzi uliomruhusu. Niliyaandika ndani ya mwili wa maelekezo yenyewe, siyo juu yake, kwa sababu maneno ya juu hayahifadhiwi, yanapotea ukishabonyeza.

Nilikaa Kemondo nikitazama magunia na ziwa. Watu walinionea huruma, nami huruma ile iliniudhi kuliko ghala. Siku moja akaja fundi kutoka Mwanza aliyeletwa na meneja, akapitia kwangu kutengeneza mizani.

"Mama, wewe ndiye Redempta?" akaniuliza. "Nimeambiwa nirudishe maelekezo ya zamani ya mrithi. Nimefungua nikaona yale maneno."

"Ukafanyaje?"

"Nikafunga. Nikamwambia meneja anipe jina la kuandika pale. Akasema niandike langu. Mimi nina familia, siwezi."

Alitengeneza mizani vizuri sana. Yale niliyoyaandika yalikuwa maneno machache tu, hayana kufuli wala nywila, na yeyote mwenye ruhusa angeweza kuyafuta kwa kidole kimoja. Lakini kufuta jina la mtu aliyesimama kwenye kitu kunamtaka afutaye naye asimame, na hawakuwa tayari.

Anatory aliposhindwa kwenye kompyuta akaenda baraza la kata. Ma Leokadia aliniomba nije. Meneja alinikataza kutoka kazini siku ile, nami nikajaza fomu ya likizo, maana likizo ilikuwa yangu. Nilichukua daftari la Ta Projestus, ambalo aliniachia alipostaafu, na ukurasa wa kulia nilikuwa nimeshaujaza mimi.

Anatory alisema vizuri, lazima nikiri. "Wazee wangu, kompyuta ilinitambua mimi kwanza. Kompyuta haina ndugu, haina upande. Halafu huyu mama akaingia ndani yake akaichezea."

Mzee wa baraza akanigeukia. "Uliichezea?"

"Nilibadilisha maelekezo, Ta. Naomba niyasome yote, ya kwanza na ya pili."

Nikasoma ukurasa wa kushoto. Chukua namba ya marehemu. Tafuta mtoto wa kiume mkubwa. Asipokuwepo, tafuta ndugu wa kiume wa marehemu. Asipokuwepo, acha wazi. Nikasoma ukurasa wa kulia. Chukua namba ya marehemu na namba ya fomu yake. Soma jina aliloliandika. Kama fomu haina sahihi yake, simama, useme hakuna fomu.

"Katika yale ya kwanza, mke yuko wapi?" mzee akauliza.

"Hayupo, Ta."

"Na mabinti?"

"Hawapo."

"Na katika haya ya pili, umewaweka?"

"Hapana. Haya ya pili hayamtaji mke, wala binti, wala mdogo wa marehemu. Yanamwuliza marehemu mwenyewe."

Wazee walizungumza kwa Kihaya kwa muda, kwa sauti ya chini. Mmoja wao, ambaye najua ana mabinti watupu, aliomba aione fomu. Akaisoma sahihi ya mume wa Ma Leokadia, akasema aliijua tangu wakisoma pamoja, akampa Anatory aisome naye. Anatory aliitazama sahihi ya kaka yake muda mrefu. Kisha akairudisha, akasema hana neno jingine. Migomba aliyoikata chini haikurudi, lakini hakujenga.

Mimi sikurudishwa Bukoba mpaka meneja yule alipoondoka. Sikumwomba, wala sijamsamehe, na msiniletee sukari nyingine kwa ajili hiyo. Kuna wanaosema mpaka leo kwamba Redempta alitumia kompyuta kuvunja mila. Mila gani? Niliikuta hukumu imeandikwa na mtu aliyeona aibu kuuliza, nikaibadilisha kwa hukumu iliyopigiwa kura na watu wazima mchana kweupe. Ningeambiwa leo niyafanye tena ningeyafanya, ila ningehesabu kwanza yako mangapi yenye jina lile.

Ma Leokadia amefariki mwaka huu, kwa ugonjwa mfupi. Nilikwenda Kagoma kwenye msiba, nikakaa na wanawake kwenye majani, na Anatory alikuwepo upande wa wanaume, mzee sasa, akigawa maji kwa wageni. Siku ya kuondoa matanga nilimvuta pembeni Jovitha, binti mkubwa wa marehemu, ambaye mama yake alimtaja kwenye fomu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na daftari kwenye mkoba, na nakala ya uamuzi wa mkutano, na nauli ya kwenda Muleba, na hasira yangu yote ya zamani.

"Mwanangu," nikamwambia, "kesho twende wote ofisini kwa ajili ya kadi. Wakikusumbua niachie mimi."

Jovitha akaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta akatoa kadi. Ilikuwa na jina lake.

"Nilikwenda juzi asubuhi, Ma," akasema. "Karani aliniomba namba mbili, akabonyeza, akanipa. Sikukaa hata dakika kumi. Hakuna aliyeniuliza kama nina kaka."